"BAGEYA" NA MAHAKIMU WAKE
Tahakiki ya albamu ya kwanza ya Jose Chameleone na jinsi ilivyopokewa na watu wa lugha

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda hawezi kuzikwepa nyimbo za vijana hata akitaka. Mwanafunzi aingiaye darasani Jumatatu asubuhi amekwisha kukisikia Kiswahili Jumamosi na Jumapili. Amekisikia ndani ya teksi, kwa kinyozi na katika arusi ya jirani. Kiswahili hicho hakikutoka katika kitabu cha kiada, wala mwalimu wake hakuulizwa maoni. Kimetoka katika nyimbo, na kimetangulia kufika kuliko sisi.

Katika makala haya tumekusudia kuitazama albamu iitwayo "Bageya", iliyotoka mwaka 2000, ambayo ndiyo ya kwanza ya Joseph Mayanja, kijana aliyezaliwa mwaka 1979 na ajulikanaye kwa jina la Jose Chameleone. Tutaitazama pamoja na albamu chache zilizoifuata, kisha tutapima hukumu zilizotolewa juu yake, hasa na sisi watu wa lugha. Yamkini msomaji atauliza: kwa nini tufukue jambo la zaidi ya miaka ishirini iliyopita? Jibu ni kwamba kesi ile haijakwisha. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maelfu ya watoto sasa wanaletwa mbele yetu. Hatuna budi kuamua tutawaambia nini juu ya Kiswahili walichokuja nacho.

Mwimbaji na kazi yake

Chameleone hakuanzia nyumbani. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa, lakini kijana huyu alikwenda kucheza ugenini kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Nairobi, akifanya kazi na studio ya Ogopa Deejays, iliyokuwa ikianza kuvuma kwa muziki wa vijana wa mjini. Wimbo wake wa kwanza, "Bageya", aliuimba pamoja na Redsan, mwimbaji wa Kenya. Basi tangu siku ya kwanza kazi hii ilikuwa na wazazi wawili: Mganda na Mkenya, Kampala na Nairobi. Wimbo uliozaliwa katika nyumba ya namna hiyo hauwezi kutumia lugha moja. Mwimbaji huyu amejulikana siku zote kwa kuchanganya Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, na kwa kuchanganya mahadhi pia: rumba ya Kongo, zouk, reggae na miondoko ya ngoma za kwetu.

Jina la albamu lenyewe ni la Kiganda. Kitenzi ni okugeya, yaani kusengenya, na bageya maana yake ni "wanasengenya". Dhamira iliyotangazwa na jina hilo si ngeni kwa mtu yeyote wa Afrika Mashariki, kwani masengenyo na husuda ya majirani ndiyo mada ambayo taarabu ya pwani imeichimba kwa miaka mingi bila kuimaliza. Tofauti ni kwamba mwimbaji wa taarabu huitia mada hiyo katika fumbo, akamwacha mlengwa ajitambue mwenyewe na kuinuka kutunza kwa uchungu. Kijana wa Kampala anaitangaza waziwazi tangu jina la kanda.

Hali ya Kiswahili ilivyokuwa

Tahakiki haiwezi kuwa ya haki ikiwa haikutaja mazingira ya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa Uganda. Buganda ilikataa, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa mwenyewe alitoa hoja zake dhidi ya mpango huo. Agosti 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri. Mambo hayo mawili yanatosha kueleza mengi. Lugha iliyoombewa nafasi na gavana na kutangazwa na jemadari haikupata nafasi ya kupendwa. Kwa watu wengi wa kusini mwa nchi, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani. Mtu alipoulizwa kitambulisho kwa Kiswahili, hakuisikia sarufi. Aliusikia mtutu wa bunduki. Wazazi wetu wengi walikijua Kiswahili na wakakificha, wasitufundishe nyumbani.

Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna ambayo Bunge lingeiweka kwa sheria. Lakini miaka mitano kabla ya marekebisho hayo, kijana mmoja wa Kiganda alikuwa amekwisha kutoa kanda yake ya kwanza, naye alikuwa njiani kuwaimbia wasichana wa Kampala kwa Kiswahili bila kuamriwa na gavana wala jemadari. Hili ndilo jambo ambalo wahakiki wake wengi hawakulitia maanani.

Hapa Namuwongo, tunapoishi na kufundisha, jambo hilo laonekana wazi. Mtaa wetu umebanwa kati ya kilima cha Muyenga na eneo la viwanda, na reli imepita ndani yake. Kando ya reli wanakaa Waganda, Waacholi, Wakongo, Wakenya na wengine wengi waliokuja kutafuta riziki. Muuza mkaa kutoka kaskazini na fundi cherehani kutoka Bukavu hawana lugha nyingine ya kupatania bei ila Kiswahili. Kiswahili chao hakina ngeli zote, lakini kina kazi. Mtaa wa namna hii haukushangazwa na Chameleone. Ulisikia lugha yake yenyewe ikiimbwa kwa sauti nzuri.

Lawama tatu

Lawama zilizoielekea kazi hii zilikuwa za namna tatu, nasi tutazichambua moja baada ya moja.

Lawama ya kwanza ilitoka kwa watetezi wa Kiganda: kwa nini kijana wetu aimbe kwa lugha ya watu? Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake, lakini haisimami. Kiganda chenyewe kimekwisha kukikaribisha Kiswahili sebuleni muda mrefu. Anayesema ekitabo, essaawa, emmeeza, edduuka na ebbaluwa anasema kitabu, saa, meza, duka na barua. Hata zaabu ya Kiganda ni dhahabu ya pwani iliyovuliwa herufi zisizotamkika kwetu. Lugha iliyopokea maneno hayo na kubaki Kiganda kamili haitakufa kwa sababu ya kanda moja. Zaidi ya hayo, mwimbaji hakukitupa Kiganda. Jina la albamu yake ya kwanza ni ushahidi.

Lawama ya pili ilitoka kwa wale waliouona muziki huu wote kuwa kelele za dansi zisizo na ujumbe. Kule Nairobi, muziki wa namna hiyo ulipewa jina la kapuka, na wapinzani wake walilitumia jina hilo kwa dhihaka, wakiulinganisha na muziki wa kufoka uliobeba malalamiko ya mitaa. Lawama hii haikukosa msingi. Zipo nyimbo za kizazi kile ambazo ukiziondolea mdundo hubaki mifupa mitupu. Hata hivyo, mhakiki anayedai kila wimbo uwe hotuba anausahau wimbo wa kupembeleza mtoto, wimbo wa kutwangia na wimbo wa arusi. Kuburudisha ni kazi, na yapo maudhui ndani ya burudani. Masengenyo ni maudhui. Shida za mke na mume ni maudhui. Suala la haki ni kama maudhui hayo yametendewa kazi vizuri, na hilo hatuwezi kulijibu bila kuitazama lugha.

Lawama ya tatu ilitoka kwetu, walimu na wapenzi wa Kiswahili, nayo ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote: kwamba Kiswahili chake ni kibovu na kitawaharibu wanafunzi. Wako wenzetu waliosikiliza wimbo wakiwa na kalamu nyekundu mkononi. Walipofika mwisho walikuwa wamehesabu makosa, wala hawakuweza kukuambia wimbo ulihusu nini. Lawama hii twaikubali nusu na kuikataa nusu, na sababu zetu tunazitoa hapa chini.

Ushahidi wa majina

Tumeonelea ni vyema kutumia ushahidi ambao kila mwalimu anaweza kuuthibitisha bila kubishana juu ya matamshi ya mwimbaji. Ushahidi huo ni majina ya albamu zenyewe. Yapange kwa miaka: "Bageya" (2000), "Mama Mia" (2001), "Njo Karibu" (2002), "The Golden Voice" (2003), "Mambo Bado" (2004), "Kipepeo" (2005), "Shida za Dunia" (2006), "Sivyo Ndivyo" (2007).

La kwanza ni la Kiganda. La pili ni mshangao wa Kiitaliano, ingawa sikio la Mbantu husikia neno "mama" ndani yake na kuridhika. La tatu ndilo Kiswahili cha kwanza kuandikwa juu ya jalada, nalo limeingia likichechemea: "njo" badala ya "njoo". Kosa hili dogo lafaa kufundishia. Kitenzi kuja hakifuati wenziwe katika hali ya kuamuru: hatusemi "ja", twasema njoo, na kwa wengi njooni. Irabu mbili za njoo ni silabi mbili kamili, mizani mbili. Anayeondoa moja ameondoa mizani. Mtu mzima wa pwani asemapo "mgeni njoo, mwenyeji apone" huivuta ile irabu ya pili kama anayeuvuta mkono wa mgeni mlangoni. Katika "njo" mgeni ameitwa kwa haraka na mlango haujafunguliwa wote.

Lakini tazama mbele. "Mambo Bado" ni usemi wa Kiswahili hai: hauna kitenzi, na hauhitaji. Msemaji ameachia katikati, na msikilizaji anajua kuwa makubwa zaidi yanakuja. Mtu hajifunzi usemi wa namna hiyo katika jedwali la nyakati. Hujifunza kwa kuishi na watu. "Kipepeo" ni sitiari kamili katika neno moja: uzuri, wepesi, na kutoshikika. "Shida za Dunia" haina dosari, na kiunganishi cha za kimekaa mahali pake. Hatimaye "Sivyo Ndivyo" ni jina ambalo mwalimu wa sarufi angelitamani alibuni mwenyewe. Ndani ya maneno mawili mna kikanushi si-, kisisitizi ndi-, na kirejeshi -vyo cha namna. Usemi uliozoeleka ni "ndivyo sivyo", nao hutajwa pale jambo lifanyikapo kinyume cha inavyopasa. Mwimbaji ameupindua. Aliyeanza na "njo" mwaka 2002 anachezea virejeshi mwaka 2007.

Tusije tukasema zaidi ya tunavyoweza kuthibitisha. Majina hayo si ngazi iliyonyooka, kwa kuwa mwaka ule ule wa 2007 alitoa pia "Katupakase", na mwaka 2009 "Bayuda", yote ya Kiganda. Mwimbaji si mwanafunzi anayepanda kidato. Huichagua lugha kwa kufuata soko na moyo wake. Lakini mtu hawezi kuichagua lugha asiyokuwa nayo, na ushahidi huu waonyesha kwamba katika miaka saba Kiswahili kimehama kutoka nje ya jalada hadi katikati yake.

Hukumu juu ya lugha

Sasa turudi kwenye nusu ya lawama tunayoikubali. Kiswahili cha mjini Kampala kina ugonjwa unaojulikana. Mganda aliyezoea kutumia l na r kwa kufuata irabu iliyotangulia husema "habali". Aliyelelewa bila h husema "alaka" kwa haraka. Ngeli nazo hulegea: "kitu yangu", "watu ingine". Wimbo ukivuma ukiwa na makosa ya namna hiyo, mtoto huyashika pamoja na mahadhi, na kitu kilichoshikwa pamoja na mahadhi hakitoki kirahisi. Mwalimu anayelalamika halalamiki bure.

Lakini sisi twaona hasara kubwa zaidi ya hiyo, ambayo kalamu nyekundu haiioni. Kiswahili cha albamu ya kwanza na za jirani yake hakikupungukiwa sarufi tu, kilipungukiwa hazina. Mwenye maneno machache ya mapenzi huyarudia, na wimbo unaorudia hutegemea sauti ili usianguke. Chameleone alibahatika kuwa na sauti nzito yenye utamu, iwezayo kubeba mstari mwepesi ukaonekana mzito. Ndiyo maana kazi zake za mwanzo zafaa zaidi kusikilizwa kuliko kusomwa. Mwimbaji wa pwani hata akiwa na sauti ya kawaida ana ghala nyuma yake: mafumbo, methali, majina ya maua na vyombo vya baharini. Kijana wa Kampala aliingia uwanjani bila ghala hilo, kwa sababu sisi wa kizazi kilichotangulia hatukulijenga. Vitabu vya mashairi havikuwamo katika maktaba zetu, na wazazi, kama tulivyosema, waliificha lugha. Kumlaumu yeye peke yake kwa uchache wa maneno ni kumlaumu mtoto kwa njaa ya nyumba.

Wala mwimbaji huyu si wa kwanza kupokewa kwa dharau. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba na kuuza vyungu kabla ya kuimba, alidhihakiwa mjini Unguja kwa nasaba yake na sura yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikakipeleka Kiswahili mahali ambapo hakijapata kufika. Ndipo Shaaban Robert alipoona yafaa kuandika wasifu wake. Hatumlinganishi Chameleone na Siti kwa ufundi wa lugha. Huo ungekuwa mzaha. Siti alikuwa na Kiunguja kamili kinywani. Twawalinganisha katika jambo moja tu: wote wawili walihukumiwa kwanza kwa walikotoka, na kazi ikasikilizwa baadaye.

Kwa upande wetu, hukumu yetu ni hii. "Bageya" kama kazi ya sanaa ni albamu ya kijana anayejitafuta. Haijaamua ni ya lugha gani, na haijaamua ni ya mji gani. Ukiiweka mbele ya "Kipepeo" utaona ni rasimu. Lakini kama tukio katika historia ya Kiswahili Uganda, ilifungua mlango ambao amri ya 1973 ilishindwa kuufungua. Kwa mara ya kwanza vijana wengi wa Buganda walimfuata mmoja wao katika njia iliyowapeleka kwenye Kiswahili kwa hiari, wakakitia midomoni kwa ajili ya mapenzi na ucheshi. Lugha iliyokuwa ikiuliza kitambulisho sasa ilikuwa inamwita mtu karibu, hata kama ilimwita kwa irabu moja pungufu.

Kwa mwalimu darasani

Twapendekeza mambo machache. Kwanza, mwalimu asiukataze wimbo. Ataishia kukatazwa yeye. Autumie. Awape wanafunzi jina "Njo Karibu" walisahihishe, kisha awaulize kwa nini irabu ile ya pili ina maana. Awape neno "kipepeo" waunde sentensi, ili wagundue kwamba ingawa neno hili lina umbo la ngeli ya KI-VI, kipepeo ni kiumbe mwenye uhai, hivyo twasema "kipepeo anaruka" wala si "kipepeo kinaruka". Awape "Bei Kali", jina la wimbo mwingine wa mwimbaji huyu, waeleze kwa nini si "bei mkali". Awaulize kwa nini mwanamke katika wimbo "Mama Rhoda" anaitwa kwa jina la mtoto wake, na kama desturi hiyo ipo katika makabila yao.

Pili, mwalimu auweke wimbo wa mtaani karibu na shairi la pwani, asiuweke chini yake. Mwanafunzi akishaona jinsi mshairi wa zamani alivyolificha sengenyo katika fumbo, atarudi kwa "Bageya" akiwa na sikio jingine. Huenda akaipenda zaidi, au akaipenda kidogo. Kwa vyovyote atakuwa amehakiki.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tujenge lile ghala. Tuwapatie vijana methali, mafumbo na msamiati kabla hawajaingia studio. Katika mtaa kama wetu wa Namuwongo yumo kijana ambaye sasa hivi anatunga wimbo wake wa kwanza kwa Kiswahili, akiokota maneno kando ya reli kwa Mkongo na Mkenya. Akifika darasani kwetu kesho, atatuonyesha mistari yake. Tumsahihishie "njo", naam, lakini kabla ya kushika kalamu tumuulize kwanza: wimbo huu unahusu nini?